Mama, Usiule Mtaji wa Mwanao

Mama mpendwa, je, unajua kwamba ushuru unaolipa pale sokoni kwa ajili ya meza yako ya nyanya unaweza kurudi nyumbani kwako ukiwa mtaji wa kijana wako? Wengi wetu hatujui. Na tunaojua, mara nyingine ndio tunaoharibu. Sisi tunaoandika haya ni wauguzi, ni akina mama, na tunajitolea kulea vijana katika usharika wetu. Tunayosimulia yametupata wenyewe.

Fedha hizi zatoka wapi?

Kila halmashauri hapa Tanzania hukusanya mapato yake ya ndani: ushuru wa masoko, leseni za biashara, ushuru wa mazao na mengineyo. Kwa miaka mingi halmashauri ziliagizwa kutenga asilimia 10 ya mapato hayo, 5 kwa wanawake na 5 kwa vijana. Lakini lilikuwa agizo tu, na wapo waliolitimiza na wapo waliolipuuza. Mwaka 2018 jambo hili liliingizwa katika Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, na mgawanyo ukawa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu.

Tuchukue mfano. Halmashauri ikiwa na mapato ya shilingi milioni 100 yanayohusika na hesabu hii, milioni 4 ni za vijana. Hutolewa kwa vikundi kama mkopo usio na riba. Tafadhali shika neno hilo: ni mkopo, si sadaka wala zawadi. Kikundi kikirejesha, fedha hiyo hupewa kikundi kingine kinachosubiri.

Yaliyotupata

Mwaka 2021 vijana 6 wa mtaa wetu walipata mkopo huo wa kufuga kuku wa kienyeji. Wawili tuliwafahamu kutoka kliniki: mmoja alikuwa binti aliyeacha shule baada ya kujifungua, mwingine kijana tuliyemshona kichwani mara mbili kwa ugomvi wa vijiweni. Baada ya kuanza mradi, yule kijana hatukumwona tena chumba cha vidonda. Binti alianza kumnunulia mwanawe maziwa kwa fedha yake mwenyewe. Tulifurahi sana.

Kuku wa kwanza waliuzwa vizuri. Fedha ilikaa kwa mweka hazina ikisubiri kununua chakula, chanjo na vifaranga wengine. Ndipo mama yake akapata msiba. Akamwomba shilingi 60,000 za nauli, "Nitarudisha Jumamosi." Kijana gani atamnyima mama yake nauli ya kwenda kuzika? Jumamosi ikapita. Mama wa pili aliposikia, naye akaomba ya ada ya mdogo mtu. Wa tatu akaomba ya mchango wa harusi. Na hapa tuseme ukweli: huyo wa tatu alikuwa mmoja wetu tunaoandika makala hii.

Fedha ya chanjo ikakosekana. Kuku wa kienyeji huhitaji chanjo ya kideri kila baada ya miezi 3, kama watoto wetu wanavyohitaji kadi ya kliniki isiyorukwa. Kideri kilipoingia, banda liliisha ndani ya wiki moja. Binti yule alikuja kliniki akalia, akasema, "Mama nesi, deni limeandikwa kwa jina langu." Hatukuwa na la kumjibu.

Wanaosubiri nyuma yetu

Mtaa wetu haukuwa peke yake. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zilionyesha mikopo mingi isiyorejeshwa, na mingine iliyokwenda kwa vikundi visivyokuwepo. Aprili 2023 Serikali ikasimamisha mikopo hiyo nchi nzima. Vijana waliokuwa wameandaa maombi yao kwa uaminifu wakabaki wamekaa. Mikopo ilirejeshwa mwaka 2024 chini ya utaratibu mpya wenye uangalizi zaidi. Ni kweli wapo viongozi waliokosea. Lakini shilingi iliyopotea jikoni mwetu nayo ilimnyima mtoto wa jirani.

Mama afanye nini?

1. Nenda na kijana wako kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Yeye ndiye atakayewaeleza masharti yaliyopo na jinsi ya kusajili kikundi. Kumwona hakulipiwi, na anayedai "chai" ili jina lipite asipewe.

2. Kikundi cha vijana huanzia watu 5. Wawe wanaofahamiana na wanaokaa karibu. Usikubali jina la mwanao liandikwe katika kikundi asichokijua.

3. Wawe na akaunti ya benki, na fedha ya mauzo ipelekwe huko. Kukaa kwa fedha nyumbani ndiko kulikotuponza.

4. Wawe na daftari. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Waulize kila mwezi, "Mmeuza ngapi? Mmerejesha ngapi?" Uliza kama mama, usiwe mkaguzi wa kuwatisha.

5. Faida wakishagawana, mwanao akikupa kitenge, pokea na umshukuru. Mtaji usiuguse, hata kwa msiba. Kwa misiba tuna vikundi vyetu vya kufa na kuzikana.

Tulivyolipa

Akina mama watatu tulikutana nyumbani kwa mweka hazina. Ilikuwa aibu, lakini tuliomba radhi mbele ya watoto wetu. Tukakubaliana kila mmoja arudishe alichochukua kidogo kidogo: mmoja kwa maandazi, mwingine kwa mboga, na muuguzi kwa mshahara wake. Vijana nao walifanya vibarua kufidia hasara ya kuku. Deni lilimalizika mwaka 2024. Siku waliyopeleka rejesho la mwisho, binti yule alikuja kutuonyesha risiti huku amembeba mwanawe mgongoni.

Sasa wanaandaa ombi jipya, na safari hii wameandika katika katiba yao kwamba hakuna fedha ya kikundi itakayokopeshwa kwa mzazi. Walipotusomea kipengele hicho tuliinamisha vichwa, kisha tukapiga makofi.

Mama mwenzetu, dawa ya deni ni kulipa. Kama umewahi kuchukua mtaji wa mwanao, anza leo kurudisha, hata kama ni shilingi elfu moja.