Mwenye Pikapu, Ujue Gari Lako ni la Mwaka Gani

Mji wa Gisenyi, ambao tangu mageuzi ya utawala ya mwaka 2006 umo katika Wilaya ya Rubavu, umekaa ukingoni mwa Ziwa Kivu, kiasi cha mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, ukipakana na Goma nyumba kwa nyumba. Ni mji wa mizigo. Viazi na kabichi huteremshwa kutoka mashamba yaliyo chini ya milima ya Virunga, bia hutoka katika kiwanda cha Bralirwa, na bidhaa za madukani huletwa kutoka Kigali. Mizigo mikubwa huchukuliwa na malori, lakini ile ya kadiri, inayotakiwa kumfikia mteja mpaka mlangoni pake, ni kazi ya pikapu. Na miongoni mwa pikapu kongwe, Hilux na Land Cruiser za Toyota zingali zinaheshimiwa kwa ugumu wa chuma chake na wepesi wa kutengenezeka.

Kwa mtu aliyestaafu jeshi au polisi, akatia kiinua mgongo chake katika pikapu kuukuu, gari hilo ndilo shamba lake. Likilala gereji wiki moja, ada ya shule hungoja na mwenye kuuza viazi hutafuta gari jingine. Kwa hiyo jambo linaloelezwa hapa halimhusu fundi peke yake. Linamhusu pia mama mwenye nyumba, ambaye aghalabu ndiye ashikaye fedha za spea na ndiye aulizwaye kwa nini zimekwisha.

Jambo lenyewe ni hili. Mtu huenda dukani akaomba klachi ya Hilux. Mwenye duka humwuliza, "Ya mwaka gani?" Mteja hutazama kadi ya njano, husoma mwaka ulioandikwa, naye hupewa klachi. Ikifika gereji haiingii, kwa kuwa upana wake au meno yake ya katikati si ya gari lile. Dukani hairudishwi, maana imekwisha kutiwa grisi. Baya kuliko hilo ni kile kitu kisichokuwa chake lakini kikaingia kwa kulazimishwa, hasa kikiwa ni cha breki, na gari likapakiwa kuteremka milima ya Nyabihu, ambako barabara hupita zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari.

HILUX SI GARI MOJA

Hilux ya kwanza ilitoka Machi 1968. Iliundwa katika kiwanda cha Hino huko Hamura, karibu na Tokyo, ikiwa na injini ndogo ya petroli ya lita 1.5. Umbo lake lilibadilishwa mwaka 1972, 1978, mwishoni mwa 1983, kisha 1988, 1997, 2004 na 2015. Wako wadhanio kwamba kuzijua tarehe hizi kwatosha. La hasha! Baina ya umbo moja na jingine kiwanda huendelea kubadili vitu vidogo vidogo ndani ya chuma, na bodi ya nje haionyeshi lolote. Vitu hivyo vidogo ndivyo vimalizavyo fedha.

Chukua mathalan injini za dizeli za jamii ya L, ambazo zimebeba sehemu kubwa ya sifa ya Hilux katika Afrika. Ilianza L yenyewe, yenye ujazo wa sentimita 2,188. Ikafuata 2L ya sentimita 2,446, halafu 3L ya 2,779, na mwisho 5L ya 2,986. Zikiwekwa mezani, mtu asiyezoea atasema ni injini moja. Lakini tundu la silinda ya L lina upana wa milimita 90, la 2L milimita 92, la 3L milimita 96, na la 5L milimita 99.5. Pistoni ya 2L haiingii katika L kabisa. Pistoni ya L huingia katika 2L ikatikisika kama mchi ndani ya kinu, na fundi asiye mwaminifu anaweza kuiacha humo mpaka mwenye gari aondoke.

Hata injini yenye jina lile lile si moja. 2L ya kwanza hufungua vali zake kwa vyuma vidogo vya kubembea, ambavyo mafundi huviita roka. Ile ya pili, iliyoanza kutumika mwaka 1988 na kuitwa 2L-II, haina roka, bali kemshafti hukanyaga moja kwa moja juu ya vikombe vya vali. Silinda hedi za injini hizi mbili ni tofauti, na kemshafti zake ni tofauti. Anayeagiza silinda hedi ya 2L bila kusema zaidi anacheza bahati nasibu.

Kwa kuwa injini hizi ni za jamii moja, kubadilishana kwake si kazi ngumu. Kwa ajili ya milima, wenye magari hupenda kutoa 2L na kutia 3L au 5L. Si kosa, bali ni uamuzi wa busara kwa gari la mizigo katika nchi ya vilima. Ila tangu siku hiyo karatasi zinasema injini moja na gari lina injini nyingine, na mnunuzi wa pili au wa tatu hana habari. Namba ya injini iliyogongwa kwenye bloku yenyewe huanza kwa jina lake, 2L au 3L au 5L. Yafaa ifutwe mafuta kwa tambara na isomwe kabla ya kununua hata gaskiti.

Sehemu ya mbele nayo ina mambo yake. Hilux ya magurudumu manne yenye nguvu, iliyoanza kuuzwa mwaka 1979, ilikuwa na ekseli nzima mbele na springi za majani, kama lori dogo. Kuanzia mwishoni mwa 1985, zile zilizopelekwa Marekani zilipewa magurudumu ya mbele yanayojitegemea, kila moja na mkono wake. Katika masoko mengine ekseli nzima iliendelea kwa miaka mingi baadaye, mathalan katika LN106 ya umbo la 1988. Kwa hiyo magari mawili ya mwaka mmoja, sura moja na rangi moja, moja lahitaji boljointi na jingine halina mahali pa kuzitia.

Katika difu ndipo wengi walipoumia. Difu ya Hilux huweza kuwa na gia kubwa ya meno 41 inayozungushwa na gia ndogo ya meno 10, au gia kubwa ya meno hayo hayo 41 inayozungushwa na ndogo ya meno 9. Ya kwanza ni uwiano wa 4.10, ya pili 4.56. Mtu akivunja difu ya nyuma akanunua iliyotumika bila kuhesabu meno, gari litakwenda vizuri barabarani kwa muda wote ambao ni magurudumu ya nyuma tu yasukumayo. Siku ya matope, dereva akitia magurudumu manne, ekseli ya mbele na ya nyuma zitashindana, kila moja ikitaka mwendo wake, na gia za kugawa nguvu zitasagika. Askari dereva aliyezoea magari ya kazi anaifahamu sauti hiyo.

LAND CRUISER

Pikapu za Land Cruiser ndizo ambazo wasomaji wa magwanda huzijua zaidi. Sifa yake ya kivita ilienea dunia nzima mwaka 1987, pale wanajeshi wa Chad, wakiwa juu ya pikapu za Toyota zilizofungwa makombora ya MILAN kutoka Ufaransa, walipowashinda wanajeshi wa Libya wenye vifaru huko Fada na Ouadi Doum. Vita ile ikaitwa Vita vya Toyota.

Hapa tarehe za kukumbuka ni chache. Mwezi Novemba 1984 mfululizo wa 70 ulichukua nafasi ya ule wa 40. HJ75 ilikuwa na injini ya 2H, silinda sita, sentimita 3,980. Tangu mwaka 1990 ikaja HZJ75 yenye 1HZ ya sentimita 4,164. Mwaka 1999 ikaja HZJ79, na mbele springi za majani zikaondolewa, zikawekwa za mviringo. Mwaka huo huo nati za gurudumu zikapungua kutoka sita hadi tano, hivyo rimu ya akiba ya HZJ75 haina msaada wowote kwa HZJ79 iliyokwama njiani.

Baina ya 2H na 1HZ kuna tofauti moja ambayo nyumba haipaswi kuisahau. 2H huendesha kemshafti yake kwa gia za chuma. 1HZ huiendesha kwa mkanda wa taimingi, kama zifanyavyo L, 2L, 3L na 5L. Mkanda huo hubadilishwa kila kilometa 100,000. Ukikatika gari likiwa mwendoni, pistoni hugonga vali, na gharama ya mkanda mmoja hugeuka kuwa gharama ya injini. Aliyezoea 2H kwa miaka kumi, akanunua 1HZ, anaweza kabisa kutojua kwamba ana mkanda.

Tena Land Cruiser za dizeli zilizotengenezwa kwa matumizi ya Japani yenyewe aghalabu zilikuwa za umeme wa volti 24, na zile za kupelekwa nchi za nje volti 12. Stata na plagi za kuwashia moto zisinunuliwe kabla ya kuhakikisha.

UPANDE WA USUKANI

Jambo hili ni la Gisenyi hasa. Rwanda na Kongo huendesha upande wa kulia wa barabara. Uganda, Kenya na Tanzania huendesha upande wa kushoto, na ndiko ipitiapo shehena kubwa ya magari na spea zilizotumika kutoka Japani, ambako pia huendeshwa kushoto. Basi spea inayoletwa kutoka Kampala au Mombasa huenda ikawa ya mwaka ule ule na umbo lile lile, na bado isifae: boksi la usukani, mpangilio wa pedali, dashibodi, vyuma vya waipa.

Taa za mbele ndizo zenye hila kubwa kuliko zote, maana huingia bila taabu. Taa ya gari la usukani wa kulia, ikiwa imeshushwa, huinua mwanga wake upande wa kushoto ili kumwonyesha dereva ukingo wa njia. Huko Uganda ukingo uko kushoto. Huku Rwanda kushoto ndiko atokako dereva mwenzio. Gari lenye taa hizo humpiga machoni kila anayekuja mbele yake, na mwenye gari hushangaa kwa nini watu wanamwashia taa usiku kucha ilhali ameshusha zake. Kuipinda taa chini hakuondoi dosari hiyo, kwa kuwa umbo la mwanga limo ndani ya kioo chenyewe au katika sahani ya nyuma yake.

KIBATI NDANI YA BONETI

Kadi ya njano yaweza kuwa na mwaka wa kutengenezwa au mwaka ulioandikwa kwa kukisia wakati gari lilipoingia nchini. Sura ya mbele nayo si ushahidi. Alama ya Toyota ya mayai matatu ilitangazwa Oktoba 1989, lakini grili hufungwa kwa skrubu chache tu, na wako waliolivika gari la 1985 sura ya 1995 ili wapate bei. Herufi ya kumi ya namba ya chesisi, ambayo huonyesha mwaka katika magari ya Marekani, haina kazi hiyo kwa Toyota nyingi zilizouzwa Afrika. Afadhali zaidi ni kitambaa kidogo kilichoshonwa chini ya mkanda wa usalama, ambacho mara nyingi huandikwa mwaka wa kutengenezwa, ikiwa mikanda ni ile ya awali.

Ushahidi ulio bora ni kibati cha chuma kilichopigwa ribiti ndani ya boneti. Tuseme kimeandikwa LN106L. Herufi ya kwanza hutaja jamii ya injini: L ni dizeli tulizozitaja, Y na R ni petroli. N ni Hilux. Tarakimu hutaja umbo na chesisi. Herufi ifuatayo tarakimu hutaja upande wa usukani, L kushoto na R kulia. Kibati kikisema R na usukani uko kushoto, basi usukani umehamishwa kwa mkono wa fundi, na kila kiungo chake chastahili kukaguliwa kabla fedha haijatolewa. Chini yake huandikwa pia aina ya giaboksi na ya ekseli.

Namba za spea za Toyota nazo zina mpango wake. Tarakimu tano za kwanza hutaja kitu chenyewe: 31250 ni sahani ya klachi, 31210 ni kifuniko chake, 11115 ni gaskiti ya silinda hedi, 04465 ni pedi za breki za mbele, 04495 ni viatu vya breki za nyuma. Tano zinazofuata ndizo zitofautishazo gari na gari, mwaka na mwaka. Katika kitabu cha spea, kando ya namba, huwekwa muda: 8808 ni Agosti 1988. Mwenye duka aliye na kitabu hicho, naye akipewa maandishi yote ya kibati, hana haja ya kuuliza mwaka.

Basi nyumba yenye pikapu kuukuu iwe na daftari la faranga chache tu. Ukurasa wa kwanza unakiliwe kibati chote, namba ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma cha fremu karibu na gurudumu la mbele, na namba ya injini kutoka kwenye bloku. Ukurasa wa pili uandikwe yale yasiyolingana na kibati: injini iliyobadilishwa, difu iliyotiwa na meno yake, taa zilitoka wapi. Baada ya hapo kila spea iingie na tarehe, kilometa, na namba iliyokuwa juu ya boksi lake. Mkanda wa taimingi uwe na ukurasa wake peke yake. Daftari likae kabatini, si garini, na anayetumwa dukani apewe nakala, pamoja na spea ile ya zamani mkononi, ambayo isitupwe hadi mpya iwe imefungwa na gari limekwenda na kurudi.