Ufa Haujui Wavu Wako

Nenda duka la vitambaa uombe mita mbili za pamba. Muuzaji anapima, anakata kidogo kwa mkasi, anashika pande mbili na kuvuta: chraaa! Kitambaa kimechanika hadi mwisho. Bila ule mkato mdogo angehangaika, maana mkato ndio unaokusanya nguvu yote ya mikono kwenye ncha moja. Nyufa kwenye chuma, kioo na zege zinaanza hivyohivyo.

Ila kuna jambo la pili: kitambaa huchanika kwa kufuata uzi. Hilo ndilo lililoniponza mimi.

Kwenye utafiti wangu wa uzamili nilikuwa naiga kwa kompyuta jinsi ufa unavyoenea kwenye bamba lenye tundu. Njia ya kawaida ni kuligawa bamba kuwa pembetatu ndogondogo zilizoungana kama wavu. Kompyuta inakokotoa mkazo; ukizidi uwezo wa bamba, pembetatu mbili zinaachana. Mchoro wangu ulitoka safi, ufa umepanda mshazari. Msimamizi wangu akauliza swali moja tu: "Umejaribu kuugeuza wavu?"

Nikaugeuza. Bamba lilelile, mzigo uleule, lakini ufa ukaelekea kwingine! Kumbe ulikuwa unafuata kingo za pembetatu, kama kitambaa kinavyofuata uzi. Tofauti ni kwamba uzi wa kitambaa upo kweli. Wavu niliuchora mimi.

Je, nizipunguze pembetatu? Haitoshi. Kwa hesabu za kawaida za unyumbufu, mkazo kwenye ncha kali ya ufa hauna kikomo. Kadiri pembetatu zinavyokuwa ndogo, ndivyo namba inavyozidi kupanda, wala haitulii.

Pa kutokea palionyeshwa mwaka 1921. Mhandisi Mwingereza A. A. Griffith, aliyefanya majaribio kwa kioo, aliangalia gharama badala ya mkazo wa ncha. Kufungua uso mpya kunahitaji nishati, na ufa unasonga pale tu nishati inayoachiliwa inapotosha kulipa gharama hiyo. Mwaka 1998, Gilles Francfort na Jean-Jacques Marigo waliendeleza wazo hilo: kati ya njia zote, ufa upite ile inayofanya jumla ya nishati iwe ndogo kabisa. Mwaka 2000, wakiwa na Blaise Bourdin, wakaonyesha namna ya kuikokotoa kwa kompyuta.

Ujanja wenyewe ni huu: usiuchore ufa kama mstari. Ipe kila nukta namba. 0 ni nzima, 1 imevunjika, na katikati yake kuna kama ukungu mwembamba. Sasa ufa unaweza kupita hata katikati ya pembetatu, ukapinda au kugawanyika, bila wewe kuuelekeza.

Bei yake ipo. Pembetatu lazima ziwe ndogo mara kadhaa kuliko upana wa ukungu. Ukilijaza bamba la sentimita 10 kwa 10 vimraba vya milimita 0.1, unapata milioni moja, na kila kimraba ni pembetatu mbili. Kompyuta yangu ilikesha. Lakini safari hii nilipougeuza wavu, ufa ulibaki karibu palepale.

Kwa hiyo ukionyeshwa picha nzuri ya ufa iliyotoka kwenye kompyuta, iwe ya bawa la ndege au ya nguzo ya daraja, uliza swali la msimamizi wangu. Kama ufa unahama kila wavu unapohama, hiyo picha haituambii kitu kuhusu daraja.