Masisi na Sanduku la Kura

Tarehe 20 Desemba 2023 raia wa Kongo waliitwa kumchagua Rais wao na wabunge wao. Lakini katika wilaya mbili za jimbo letu la Kivu ya Kaskazini, yaani Masisi na Rutshuru, hapakuwa na mstari wa wapiga kura wala sanduku, kwa sababu ya vita. Wilaya ya tatu iliyokosa kura ni Kwamouth, iliyo mbali huko magharibi. Bunge la Taifa lina viti 500. Vilivyogombaniwa siku ile vilikuwa 484 tu. Vile 16 vilivyobaki vilikuwa vya wilaya hizo tatu.

Pengine msomaji atadhani kwamba jambo hili ni ajali ya mwaka mmoja. Sivyo. Tukichunguza historia ya Masisi, tutaona kwamba mara nyingi uchaguzi uliharibika kabla sanduku halijafunguliwa, na kila mara sababu ilikuwa moja kati ya mbili: ama watu hawakupatana ni nani aliye raia, ama mwenye bunduki alitangulia kufika.

Masisi iko magharibi ya Goma. Msafiri hupita Sake, karibu na ziwa, kisha hupanda milima yenye majani mabichi, makao ya ng'ombe, maharagwe na viazi. Wenyeji wa kale wa nchi hiyo ni Wahunde. Toka mwaka 1937 hata 1955 serikali ya Wabelgiji ilileta huko familia nyingi kutoka Rwanda, kwa kuwa Rwanda ilijaa watu, na mashamba makubwa ya Wazungu yalitaka wafanya kazi. Wahenga walisema, Mgeni siku mbili. Ya tatu mpe jembe. Hawa walipewa jembe siku ya kwanza. Wakapewa pia utawala wao wa Gishari, kisha mwaka 1957 Wabelgiji wakaufuta. Nani atakuwa mwenye nchi, nani atakuwa na sauti barazani? Maswali hayo waliwaachia wengine.

Jibu la kwanza lilitolewa mwaka 1960. Mwezi wa Mei wa mwaka ule, kabla ya uhuru, Kongo nzima ilipiga kura. Wajumbe wa baraza la jimbo la Kivu walichaguliwa wilaya kwa wilaya, na Masisi ilikuwa mojawapo. Waliopiga kura walikuwa wanaume waliotimiza miaka 21. Wanawake hawakuitwa, nao wakangoja hata mwaka 1967. Sheria ya uchaguzi iliwaruhusu pia watu wa Ruanda-Urundi waliokaa Kongo miaka 10. Katika Kivu, chama cha CEREA kilipata viti vingi kuliko vyama vingine. Ndivyo mhamiaji na mwenyeji walivyopiga kura siku moja, katika sanduku moja.

Amani hiyo haikudumu. Mwaka 1962 Kivu iligawanywa, likazaliwa jimbo la Kivu ya Kaskazini, na mara ubishi wa madaraka na mashamba ukawa mkali. Katika Masisi yakazuka mapigano ambayo watu waliyaita vita vya Kanyarwanda. Katiba ya mwaka 1964 ikasema kwamba Mkongo ni yule ambaye mmoja wa wazee wake alikuwa wa kabila lililokaa Kongo kabla ya tarehe 18 Oktoba 1908. Kwa maneno hayo wengi waliopiga kura mwaka 1960 walitiwa mashaka. Uchaguzi wa wabunge ukafanyika mwaka 1965, na tarehe 24 Novemba mwaka uleule Jenerali Mobutu akatwaa serikali.

Siku za chama kimoja zikafuata. Mwaka 1970 mpiga kura aliwekewa karatasi mbili, ya kijani ya kumkubali Rais na nyekundu ya kumkataa. Katika nchi nzima walihesabiwa watu 157 tu waliomkataa! Mwaka 1975 hata karatasi haikutakiwa: majina ya wabunge yalisomwa mbele ya watu, nao wakapiga makofi. Kuanzia 1977 wagombea walikuwa wengi tena, ingawa wote ni wa chama kimoja.

Lakini swali la uraia lilikuwa halijalala. Sheria ya mwezi wa Januari 1972 iliwapa uraia watu wa asili ya Ruanda-Urundi waliokuwa wamekaa Kivu kabla ya mwaka 1960. Sheria ya tarehe 29 Juni 1981 ikaufuta uraia huo. Watu walilala raia, wakaamka wageni, hali wanalima shamba lilelile. Mwaka 1987 matunda yake yalionekana: majimbo mengine yalichagua mabaraza yao, bali katika Kivu uchaguzi huo haukufanyika, kwa kuwa watu hawakupatana nani aandikwe na nani aachwe. Mwezi wa Machi 1993 mauaji yalianza katika soko la Ntoto, wilaya ya Walikale, yakaenea hata Masisi. Maelfu ya watu walikufa, Wahunde kwa Wanyarwanda. Hatusemi kwamba orodha ya wapiga kura peke yake ndiyo iliyowaua. Mashamba yalikuwa na sehemu kubwa. Lakini mtu asiyehesabiwa hana mahali pa kupeleka shauri lake, na jirani aogopaye kuzidiwa kwa hesabu huona kila jina jipya kuwa jeshi linalomjia.

Baada ya vita virefu, sheria ya tarehe 12 Novemba 2004 ilitamka kwamba ni Wakongo wote walio wa makabila ambayo watu wake na nchi yao walikuwa sehemu ya Kongo wakati wa uhuru. Kisha ikaja kazi ya kuandikisha. Tume ya Uchaguzi iliongozwa na padre wa jimbo la Butembo-Beni, Abbé Apollinaire Malu Malu. Katika nchi nzima waliandikwa watu zaidi ya milioni 25, na kadi waliyopewa ikawa pia kitambulisho chao njiani na ofisini. Tarehe 30 Julai 2006 Masisi ilipiga kura pamoja na Kongo yote, nao ulikuwa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu 1965. Mtoto aliyezaliwa katika uchaguzi ule wa kale alikuwa mtu mzima wa miaka 41.

Basi shida ya uraia ilipopungua, shida ya pili ilikua. Mwaka 2011 askari waliotoka katika kundi la CNDP waliwashurutisha wapiga kura wa Masisi, na matokeo yakaleta ubishi mrefu. Mwaka 2018 uchaguzi ulifanyika huko tena, na tena wenye silaha wakaingilia mahali pengi. Tangu Mei 2021 jimbo likawekwa chini ya wanajeshi. Mwaka 2023 hata kazi ya kuandikisha wapiga kura haikuwezekana wilayani. Aliyekosa kuandikwa alikosa kura, akakosa na kadi mpya. Mwezi wa Januari 2025 waasi wa M23 waliingia Masisi mjini, na mwisho wa mwezi uleule wakaiteka Goma.

Ninyi wanafunzi, fanyeni hesabu ndogo. Kijana wa Masisi aliyetimiza miaka 18 mwaka 2019 alikuwa mdogo mno kwa uchaguzi wa 2018, na ule wa 2023 haukumfikia. Ameitwa raia na sheria, analipa kodi sokoni, huenda amekimbia makwao zaidi ya mara moja; lakini mbunge hajapata kumchagua hata siku moja. Je, akiambiwa na mwenye bunduki kwamba kura ni mchezo wa watoto, atajibu nini?

Sisi twaona kwamba siku amani itakaporudi Masisi, kazi ya kwanza itakuwa kuandika majina: kuketi mlima kwa mlima, mbele ya wazee wa kila kabila, na kumwandika kila mtu bila hila, yule aliyekimbilia mbali na yule aliyebaki. Kazi hiyo ni ya polepole, nayo haitapendeza wenye haraka ya madaraka. Wala si ya serikali peke yake. Baba na mama wa nyumbani wanaweza kuianza leo, kila wanapomzuia mtoto asimwite jirani mgeni katika nchi ambamo babu zake wamezikwa.

Mwaka 1960 watu wa Masisi walisimama mstari mmoja wakangoja zamu. Wajukuu wa wale waliosimama mstari ule wangali hai, nao wanastahili kuitwa tena, safari hii wanawake kwa wanaume.