Mionzi ya nyuklia haiuawi na moto wa jikoni

MOTO huua viini vya maradhi. Ndiyo maana katika majiko ya Mji wa Kale, Mombasa, maziwa ya chai huchemshwa hadi yakafura, na samaki wa kupaka huchomwa makaani hadi akaiva barabara. Hata hivyo, upo uchafu usiojali moto: chembe za mionzi ya nyuklia.

Suala hilo si geni Pwani. Mnamo 2024, wakazi wa Uyombo, Kaunti ya Kilifi, waliandamana kupinga mpango wa kujenga kinu cha nyuklia cha kuzalisha umeme, wakihofia bahari na uvuvi wao. Hofu kubwa ni ajali, na ajali hufika mezani kwa njia ya chakula.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa Chernobyl, Ukraine, Aprili 26, 1986. Upepo ulitawanya chembe, zikaangukia nyasi, ng'ombe wakala, watoto wakanywa maziwa. Iodini yenye mionzi hukusanyika katika tezi ya shingo. Kufikia 2005, zaidi ya visa 6,000 vya saratani ya tezi hiyo vilikuwa vimegunduliwa miongoni mwa waliokuwa watoto na vijana wakati wa ajali. Sehemu kubwa ilihusishwa na maziwa hayo.

Iodini hiyo hupungua kwa nusu kila baada ya siku 8, kwa hivyo hatari yake hupita baada ya miezi michache. Sesiamu-137 huchukua miaka 30 kupungua kwa nusu. Hii husalia udongoni na huingia kwa wingi katika uyoga na matunda ya msituni.

Kwa sababu hiyo, majirani wawili wa kijiji kimoja waweza kudhurika kwa viwango tofauti. Anayekula uyoga wa msituni na kunywa maziwa ya ng'ombe wake hupata mionzi mingi kuliko anayenunua chakula kilichopimwa.

Kwa mlaji wa Mji wa Kale, ajali ikitokea karibu, cha kwanza kuepukwa kingekuwa maziwa mabichi ya eneo lililoathirika, kisha mboga za majani kama mchicha, ambazo hudaka vumbi. Kuziosha hupunguza vumbi la juu, lakini hakuondoi kilichokwisha kufyonzwa na mmea. Nafaka iliyohifadhiwa ghalani kabla ya ajali, na nazi ndani ya kifuu chake, zingekuwa salama zaidi. Ama samaki, tajriba ya Fukushima, Japani, baada ya 2011 ilionyesha kuwa wale wakaao chini karibu na ufuo huchelewa kutakasika.

Macho na ulimi havitambui mionzi. Kinachotambua ni mtambo. Tangu Aprili 2012, Japani hairuhusu vyakula vya kawaida kuzidi bekereli 100 kwa kilo, na maziwa 50. Nchini Kenya, udhibiti wa mionzi uko mikononi mwa mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya nyuklia ya 2019. Usalama wa sahani ya kisiwani, ambako vyakula vingi hupitia Kilindini, hutegemea vipimo hivyo kabla ya kutegemea mpishi.