Fête ya cité: mutu akiumia, nani atalipa?

Tarehe 29 oktoba 2022, ku Stade des Martyrs ya Kinshasa, watu 11 walikufa kwenye konseri ya Fally Ipupa. Kiwanja kile kinachukua watu 80.000. Waziri wa mambo ya ndani wa wakati ule, Daniel Aselo, alisema kilijazwa mpaka asilimia 120. Tarehe 27 julai 2024, kiwanja ni kile kile, konseri ya mwimbaji wa injili Mike Kalambayi: watu wasiopungua 7 wakakufa tena mu msongamano.

Huku kwetu wengi walisikia zile habari wakasema: «Ile ni mambo ya Kinshasa, ni mambo ya bastar.» Lakini msongamano hauulize jina la mwimbaji. Kiwanja cha mpira cha cité, salle ya ndoa, uwanja wa croisade, fête ya tarehe 1 mei ao ya Sainte-Barbe, mutakatifu wa wachimbaji, tarehe 4 desemba: fasi yote kwenye watu wengi wanapita mulango mudogo, hatari ni moja. Na nyuma ya ile hatari kuko ulizo lenye komite nyingi zinaogopa kujiuliza. Hema ikiangukia mutoto wa jirani, waya wa umeme ukichoma mama mwenye kuuza beignet, nani atalipa hospitali? Na kama ni matanga, nani atalipa?

Sheria inatafuta nani

Jibu liko mu sheria tangu zamani. Code civil yetu, kitabu cha tatu, ilitoka na décret ya tarehe 30 julai 1888. Kifungu cha 258 kinasema: mutu mwenye kuletea mwenzake hasara kwa kosa lake anapashwa kuirudisha. Cha 259 kinaongeza: hata kama ni kwa uzembe tu ao kwa kukosa kuangalia. Na cha 260 kinafika mbali zaidi: tunajibu pia kwa ajili ya watu na vitu vyenye viko chini ya ulinzi wetu. Maana yake, kijana mwenye mulituma kufunga waya za taa, na hema yenye mulikodi, vyote vinarudi kwenu.

Wengine wanasema: «Hatukukusudia.» Ni kweli, hakuna mutu anafanya fête ili kuua. Lakini Code pénal, kifungu cha 52, inaongea juu ya mutu mwenye kuua ao kuumiza bila kukusudia, kwa kukosa tu kuona mbele na kukosa kujikinga. Na asiranse, hata ikiwa muzuri namna gani, haimulipie mutu amende ya korti wala haimutoe mu gereza.

Sasa, nani anaitwa kwanza? Ni mwenye kusaini barua. Katiba, kifungu cha 26, inaomba wenye kupanga mukutano ku barabara ao mu plein air wajulishe serkali kwa maandishi. Ile barua iko na jina. Kama komite yenu haijapata karatasi za ASBL kufuatana na sheria 004/2001 ya tarehe 20 julai 2001, komite haina mufuko wake mbele ya sheria. Wanabaki watu kwa majina yao, pamoja na parcelle zao.

Wafanyakazi wa mine wengine wanafikiri CNSS itaangalia. Hapana. Caisse inaangalia ajali ya kazi, pamoja na ile ya njiani wakati wa kwenda kazini na kurudi. Bibi yako akivunjika muguu ku fête ya quartier, hayuko mu ile hesabu. Na creuseur mwenye hana kontra ya kazi, yeye hana hata ile Caisse.

Bima yenye inahitajiwa

Bima, ao asiranse, yenye inahitajiwa hapa inaitwa ku karatasi «responsabilité civile» ya mwenye kupanga fête. Haimulipie mwenye kupanga kwa hasara yake mwenyewe. Inalipia watu wengine wenye kuumia ao kuharibikiwa na vitu kwa kosa lake. Kama mvua inaharibu vyombo vya orkestre, ile ni bima ingine. Kama kamyo inabeba wachezaji na inaanguka, ile ni bima ya gari, yenye sheria inalazimisha. Muangalie karatasi zake mbele watu wapande.

Kwa miaka mingi, tangu 1966, SONAS ilikuwa peke yake. Sheria namba 15/005 ya tarehe 17 marsi 2015 ilifungua soko, na leo kuko kompani zingine. Zote zinaangaliwa na ARCA. Kwa hiyo, mbele ya kutoa feza, omba kuona agrément ya kompani na karatasi ya mutu mwenye anauza kwa jina lake.

Tuseme komite ya cité moja pembeni ya Kolwezi inatayarisha Sainte-Barbe. Prezida wake anaingia mu biro ya asiranse.

«Mama, tunaomba asiranse ya fête.»

«Karibu, papa. Batu ngapi?»

«Batakuwa 3.000. Lakini weye andika 500, bei ishuke kidogo.»

«Papa, nikiandika 500, na siku ile munaingiza 3.000, kompani itasema mulidanganya. Feza yenu itakuwa imeenda bure, na bale benye kuumia habatapata kitu.»

Yule mama ana haki. Kontra ya asiranse inasimama juu ya maneno yenye mulisema wenyewe: hesabu ya watu, fasi, saa, kama kutakuwa pombe, jukwaa, groupe, baruti za kurusha juu. Ukificha kimoja, unajitobolea mutumbwi.

Mbele ya kusaini, ulizeni haya:

Kwanza, kompani italipa mpaka kipimo gani, na ni kwa kila mutu ao kwa ajali nzima? Pili, sehemu gani ya kila hasara inabaki ku mabega yetu? Ku kontra inaitwa «franchise». Tatu, nini imeondolewa? Ile ukurasa ya «exclusions» ndiyo musome mara mbili. Ine, ulinzi unaanza siku gani? Watu wanaumia pia siku ya kupandisha hema na siku ya kuishusha. Tano, vijana wetu wa kujitolea wanahesabiwa kama watu wengine, ao wako inje? Sita, ajali ikitokea, tuko na siku ngapi za kuandikia kompani? Jibu liwe ku karatasi, isiwe ya mudomo.

Karatasi haifungue mulango

Asiranse inalipa kisha watu kuumia. Haizuie hata mutu mumoja kuumia. Hapa wachimbaji mukiwa ndani ya komite, mko na faida kubwa, juu ile kazi munaijua. Ku mine hakuna mutu anashuka chini bila kuhesabiwa. Mbele ya tir, siren inalia na watu wote wanatoka. Kila asubuhi kuko causerie ya sécurité, na kila mutu anajua point de rassemblement. Ile akili munaacha ku grille siku ya fête kwa nini?

Tuchukue hesabu. Mu umati wenye kusimama, watu 4 kwa metre carré moja ni kipimo cha juu. Kiwanja cha metre 30 kwa 25 ni metre carré 750. Mukishatoa jukwaa, hema na njia, watu 3.000 hawaenee tena. Kwa kutoka, mulango wa upana wa metre moja unapitisha watu karibu 80 kwa dakika, kama njia ni sawasawa na hakuna kizuizi. Watu 3.000 kwa mulango mumoja wa metre 2, ni karibu dakika 19. Kama kuko moshi, dakika 19 ni nyingi sana. Milango 4 ya namna ile, pande mbalimbali, ni karibu dakika 5. Tena muhesabu kama vile mumoja umefungika, juu siku ya hatari ndivyo inafikaka.

Mutu mu msongamano mara nyingi hakufe kwa kukanyagwa. Anakufa akiwa amesimama, kifua kimebanwa, pumzi haiingie. Ndiyo maana wenye kuwa nyuma wanaendelea kusukuma bila kujua. Inaomba mutu mwenye kusimama juu, mwenye kuona, na mwenye ruhusa ya kunyamazisha muziki.

Na polisi, muongee nao mbele. Wafuasi wa TP Mazembe na wa V.Club wanakumbuka tarehe 11 mei 2014, ku Stade Tata Raphaël: gaz lacrymogène ilirushwa, watu wakakimbilia inje, 15 wakakufa. Gaz fasi kwenye milango ni midogo inageuka mutego.

Kubakia umeme na mvua. Tarehe 2 februari 2022, ku soko la Matadi-Kibala, Kinshasa, kabo ya umeme ilianguka wakati wa mvua, watu 26 wakakufa. Musipandishe hema chini ya ligne. Sainte-Barbe inaanguka mu mvua: upepo ukizidi ao radi ikianza, fête isimame. Na juu ya délestage, muweke groupe inje, mbali na watu, na mafuta mbali na groupe. Taa za milango ziwe na batri, juu giza likianguka kwa rafla watu wanakimbia wote mara moja.

Andikeni haya yote ku ukurasa moja: nani anahesabu, nani anafungua, nani anaita hospitali, gari gani itabeba. Ile ukurasa inasaidia mara mbili: inalinda watu, na mbele ya kompani ao juge inaonyesha komite haikulala.

Ku réunion ya kwanza, mbele ya kuuliza orkestre gani itakuja, muulize maulizo matatu: milango ni mingapi, nani anahesabu watu, na karatasi ya asiranse iko na jina la nani? Kama moja halina jibu, musogeze tarehe. Watu watanungunika juma moja, kisha watakuja.