Nyuzi 10 nyuma ya bega

Katika kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Magari, FIA, kuna sentensi ambayo msomaji mwenye haraka ataipita bila kuiona, nami imenikaa kichwani. Inasema mikanda ya mabega ya dereva wa mbio, ikitoka ukingo wa juu wa mgongo wa kiti kwenda nyuma, isishuke kwa zaidi ya nyuzi 45 kutoka usawa, na inapendekeza zisizidi nyuzi 10. Sentensi hiyo haitaji kampuni iliyoshona mkanda wala bei yake. Inataja pembe, na pembe hainunuliwi dukani. Hupimwa na kuchomelewa na fundi, na hoja yangu ni kwamba uti wa mgongo wa dereva wa mbio uko zaidi mikononi mwa fundi huyo, awe wa Nairobi au wa hapa Majengo, Songea, kuliko mikononi mwa aliyemuuzia mkanda.

Tuifanye hesabu yenyewe, maana utamu wa jambo uko humo. Gari likigonga na kusimama ghafla, mwili wa dereva bado unataka kwenda mbele. Mkanda umepita juu ya bega na kuteremka nyuma ya kiti hadi ulipofungwa, na hauwezi kumvuta dereva kwingine ila kuelekea huko ulikofungwa. Ukifungwa karibu na usawa wa bega, nguvu yake karibu yote inamrudisha nyuma. Ukifungwa sakafuni, unamvuta nyuma na kumkandamiza chini kwa wakati mmoja. Tuseme kumzuia asiende mbele kunahitaji nguvu ya kilo 1,000. Kwa nyuzi 10, mabega yatasukumwa chini kwa kilo kama 176. Kwa nyuzi 20 zinakuwa 364. Zikifika nyuzi 45, ni kilo 1,000 nyingine kamili, sawasawa na zile zinazomrudisha nyuma. Mzigo huo hauna pa kwenda ila kwenye pingili za uti wa mgongo, kwa kuwa juu unashuka mkanda usiokatika na chini kuna kiti kigumu. Mkanda wa bei mbaya hausaidii kitu hapo, kwani ubora wake ni kutokatika, na kutokatika ndiko kunakoufikisha mzigo wote mgongoni.

Atakayesema haya ni makadirio ya mezani, ajibiwe na Dakta John Paul Stapp wa Jeshi la Anga la Marekani, ambaye alijifanya kipimo mwenyewe. Katika majaribio yake alivunjika mbavu na kifundo cha mkono, lakini hakuacha. Desemba 10, 1954, kwenye kambi ya Holloman huko New Mexico, alifungwa mikanda juu ya kitoroli cha roketi kinachopita kwenye reli, akafikishwa mwendo wa kilomita 1,017 kwa saa, kisha akasimamishwa kwa sekunde 1.4. Kwa kitambo kidogo mwili wake ulibeba mzigo wa mara 46.2 ya uzito wake. Macho yalijaa damu na akawa haoni, lakini uwezo wa kuona ulimrudia na akaishi hadi 1999, akiwa na miaka 89. Stapp alishikilia kwamba mwili wa binadamu unastahimili mshtuko mkubwa kuliko madaktari walivyodhani, ilimradi umeshikwa vizuri, na aliwasumbua wakubwa wake kwa kuwaonyesha kwamba jeshi lilikuwa linapoteza marubani wengi barabarani kuliko angani. Neno la kulishika katika maneno yake ni "vizuri". Hakuna aliyemlazimisha kulijaribu kwa mwili wake, na kwa hilo peke yake nadhani anastahili kusikilizwa na kila anayeshika drili ndani ya gari la mbio.

Hapa ndipo kishawishi kinapoanza. Gari la kawaida tayari lina matundu yenye nyuzi za bolti ya mkanda wa kiti cha nyuma, na kufunga mikanda ya mabega hapo ni kazi ya dakika chache. Lakini matundu hayo yaliwekwa kwa ajili ya kiuno cha abiria wa nyuma. Mengi yako chini sana, na mkanda wa bega ukifungwa hapo unashuka kama mtelemko wa Lukumburu. Kanuni inatoa njia nyingine: bomba la kukingama, lichomelewe kati ya miguu ya nyuma ya keji ya mabomba inayomkinga dereva gari likipinduka, lenye kipenyo cha milimita 38 na ukuta wa 2.5, au 40 kwa 2, kisha mikanda izungushiwe juu yake. Ikiwa itafungwa kwenye bodi, pawekwe bamba la chuma lenye eneo la angalau sentimita za mraba 40 na unene wa milimita 3, na pahimili mvuto wa karibu tani moja na nusu. Kuifunga kwenye kiti chenyewe kumekatazwa kabisa, kwani kiti kikichomoka kinaondoka na mikanda yake.

Fundi atauliza, na ni haki yake, bomba la namna hiyo litatoka wapi. Linatakiwa lisilo na mshono, na bomba la geti au la maji lenye mshono halitoshi. Sina jibu la kumpunguzia gharama hiyo. Ninachosema ni kwamba gharama ya bomba haipaswi kuwa kisingizio cha kutopima, kwa sababu kipimapembe kimo ndani ya mkebe wa kila mwanafunzi. Safari Rally, iliyoanza 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, haikujengwa na matajiri peke yao. Joginder Singh, aliyeishinda 1965 pamoja na ndugu yake Jaswant, alikuwa fundi wa gereji, na Volvo PV544 waliyoendesha ilikuwa imeshatumika. Aina hiyohiyo ya gari ndiyo miongoni mwa zilizotangulia kuuzwa na mkanda wa pointi tatu wa Nils Bohlin, mhandisi wa Volvo, mwaka 1959.

Mwingine ataona kwamba, kama mikanda ya mbio ni bora hivi, basi ifungwe hata kwenye gari la kwenda sokoni. Hapana. Mkanda wa pointi tatu, ule wa magari ya kawaida, unamruhusu mtu kuinama upande paa likibonyea. Ule wa mbio unamshikilia wima, na pasipo keji paa litamkuta kichwa kikiwa palepale.

Linalobaki bila jibu ni ukaguzi. Dale Earnhardt, dereva wa mbio wa Marekani, alipokufa mashindanoni Daytona, Februari 18, 2001, mkanda wake wa kiuno ulikutwa umeachana. Ripoti ya NASCAR, waendeshaji wa mashindano hayo, ilieleza kwamba utepe ulijikunja upande mmoja ndani ya kirekebishio, naye mtengenezaji wa mkanda, Bill Simpson, akashikilia kwamba haukufungwa alivyoelekeza. Kama ubishi ulizuka kwenye mashindano yenye wakaguzi, kamera na mawakili, hali ikoje kwa gari linalouzwa mkono kwa mkono, dereva mrefu akimwachia mfupi, kiti kikibadilishwa na bomba likibaki lilipochomelewa? Lebo ya mkanda ina mwaka wa mwisho wa matumizi. Haisemi kama mkanda ulishapigwa na jua miaka mingi au ulishavutika kwenye ajali ya mtu mwingine, na pembe iliyopimwa kwa kiti cha mwanzo haiandikwi popote.