Kifaransa Wakati wa Likizo: Mzazi Asiyekijua Aweza Kumsaidia Mwanawe

Shule zifungapo, wanafunzi wa bweni hurejea Kanja, katika nchi ya Embu, wakiwa na masanduku yao na taarifa za masomo. Miongoni mwao wamo wanaojifunza Kifaransa. Masomo mengine hupata msaada nyumbani: Kiingereza husomwa magazetini, Kiswahili husikika sokoni na redioni, na hesabu hutumika dukani kila siku. Kifaransa peke yake hukosa msemaji. Kwa hiyo mtoto aliyekijua vizuri mwisho wa mwaka huweza kurudi shuleni mwezi wa Januari akiwa amesahau mengi. Aonapo wenzake wamemwacha nyuma, huvunjika moyo na kuliacha somo, na jasho la wazazi waliolipa karo huwa limepotea bure.

Hasara hiyo si ndogo. Rwanda na Burundi ziliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ikafuata mwaka 2022. Katika nchi zote tatu Kifaransa ni lugha rasmi. Kijana wa Kenya ajuaye Kiswahili na Kifaransa pamoja aweza kufanya biashara, ukarani, uuguzi au ualimu kwa majirani hao bila kuhitaji mkalimani.

KUSAHAU HUANZA MAPEMA

Mwaka 1885 mtaalamu wa Ujerumani, Hermann Ebbinghaus, alitangaza matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Alijifunza kwa moyo orodha za silabi zisizo na maana, kisha akajipima baada ya saa na siku kadhaa. Aliona kwamba kusahau huenda mbio sana mwanzoni, halafu hupungua mwendo. Tena aliona kwamba kujifunza kidogo kidogo kwa siku nyingi hufaa kuliko kujilazimisha kujifunza mengi kwa siku moja.

Basi mzazi asingoje juma la mwisho wa likizo ndipo amwambie mtoto afungue vitabu. Afadhali robo saa kila siku, tangu siku za kwanza. Haba na haba hujaza kibaba.

LUGHA YA NYUMBANI NI MSAADA

Wako wazazi wanaodhani kwamba mtoto akiongea Kiembu na nyanya yake likizo nzima, Kifaransa chake kitaharibika. Hofu hiyo haina msingi. Kiswahili kina irabu tano, lakini Kiembu kina saba. Sauti iandikwayo ĩ katika Kiembu inakaribiana sana na sauti ya Kifaransa iandikwayo é, na ile iandikwayo e inakaribiana na è. Vivyo hivyo ũ ya Kiembu inafanana na sauti ya mwisho ya neno beau, yaani zuri. Wanafunzi wengi wa Kifaransa duniani hupata taabu kuzitenga sauti hizo, lakini mtoto wa Kanja amezizoea tangu utotoni. Hata mazao mawili yanayoijulisha sana nchi ya Embu, kahawa na chai, huitwa kwa Kifaransa café na thé, na yote mawili huishia kwa sauti hiyo hiyo aliyoizoea.

Msaada wa pili hutoka katika ngeli. Mtoto wetu anajua kwamba husemwa kitabu kidogo, lakini meza ndogo, kwa sababu sifa hufuata jina. Kifaransa nacho hutaka mapatano. Husemwa un petit livre kwa kitabu, lakini une petite table kwa meza. Tofauti ni kwamba majina ya Kifaransa yamegawanyika makundi mawili tu, ya kiume na ya kike. Aliyezoea ngeli nyingi asiogope makundi mawili.

KAZI NA MASOMO PAMOJA

Likizo ndefu ya mwisho wa mwaka huangukia wakati wa mavuno makubwa ya kahawa, na kila mkono huhitajiwa shambani. Si lazima kazi iwe adui wa masomo. Mtoto achumapo kahawa aweza kuhesabu kwa Kifaransa, na kiwandani aweza kutaja kilo zilizopimwa. Zoezi hilo lina faida kubwa, kwani hesabu ya Kifaransa ina mitego. Sabini huitwa soixante-dix, yaani sitini na kumi. Themanini ni quatre-vingts, yaani ishirini mara nne. Kwa hiyo kilo 78 ni sitini na kumi na nane. Watu wa Kongo, Rwanda na Burundi, kama Wabelgiji, hupunguza taabu hiyo kwa kusema septante kwa sabini na nonante kwa tisini. Yafaa mwanafunzi azijue njia zote mbili, ila shuleni aifuate ile aliyofundishwa na mwalimu wake.

MAMBO MANNE YA KUFANYA

Kwanza, mtoto asome ukurasa mmoja kwa sauti kila jioni, kisha auelezee jamaa kwa Kiswahili au Kiembu. Mzazi asiyejua neno hata moja la Kifaransa atatambua upesi kama maelezo yana maana au yanababaisha.

Pili, mtoto awafundishe wadogo zake salamu, siku za juma na majina ya vyombo vya jikoni. Afundishaye hujifunza mara mbili.

Tatu, awe na daftari ya kuandika sentensi tatu kila siku juu ya mambo yaliyotokea nyumbani. Likizo iishapo, ampelekee mwalimu azisahihishe.

Nne, asikilize. Mitihani ya Kifaransa haipimi maandishi peke yake. Kusikiliza na kusema navyo hupimwa. Redio ya Ufaransa, RFI, hutoa taarifa ya habari ya dakika 10 kwa Kifaransa chepesi, iitwayo Journal en français facile, nayo hupatikana kwa simu yenye intaneti. Asikilize mara moja apate maana, na mara ya pili ayashike maneno mapya matano.

Mzazi asimkaripie mtoto aliyechoka baada ya kutwa nzima shambani. Robo saa ya asubuhi, kabla ya kazi, yaweza kumfaa zaidi kuliko saa nzima ya usiku yenye kusinzia. Kazi ya mzazi ni kuilinda robo saa hiyo isimezwe na shughuli nyingine, na kuketi karibu akisikiliza. Mtoto anayesikilizwa nyumbani hujua kwamba somo lake ni la thamani, naye hatalitupa upesi.